Kisindikizo cha Mzee Lugendo

Kama hujawahi kufika Makofini, usijilaumu. Barabara ya kwendea huko imezinduliwa na kila rais aliyepita, kila mmoja na utepe wake na mkasi wake, na ipo siku itajengwa. Wenyeji hawana haraka. Wanajua kwamba nchi haijengwi kwa kokoto peke yake. Hujengwa pia kwa makofi, na makofi wanayo ya kutosha. Sheria yao ya kwanza, iliyotangulia hata ile inayokataza kuua, inasema kwamba kiongozi akisema apigiwe makofi, akinyamaza apigiwe kwa busara yake ya kunyamaza, na msafara wa serikali ukikuta watu wanapiga makofi kando ya njia usiwapite, bali usimame, ushuke, ushukuru. Ni sheria nzuri, maana inawaweka viongozi karibu na watu wao.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na mambo ya kale mengi, mpaka ilipoyaonea aibu. Rais, ambaye cheo chake hasa ni Mlezi Mkuu, alitangaza kampeni ya Futa Uzamani. Ngoma zikatobolewa, vinyago vikawa kuni za kupikia maharage ya shule, na bibi aliyekutwa akiwasimulia wajukuu hadithi alitozwa faini kwa kuwachelewesha kulala wajenga taifa wa kesho. Kampeni ilifanikiwa kupita kiasi. Kisha Mlezi Mkuu akaalikwa karamu ng'ambo, na mkuu mmoja wa huko, katika maongezi tu huku anatafuna, akamuuliza nchi yake imehifadhi nini. Mlezi Mkuu hajapata kushindwa na swali. Akajibu, "Kila kitu." Aliporudi nyumbani akataka aoneshwe.

Ndipo ilipoundwa Wizara ya Kuhifadhi Mila na Kuharakisha Maendeleo. Maofisa wake walitolewa kwenye ile kampeni ya Futa Uzamani, na sababu ilikuwa ya maana: hakuna aliyejua kuliko wao vitu hivyo vilikuwa wapi.

Huko mwisho wa nchi, kwenye milima ya Usonde, waliishi Bi Nyamizi na mumewe Mzee Lugendo. Watoto wao Mungu aliwachukua mapema, wakabaki wawili, na mzaha wa wazee wasio na wa kumwonea haya. Bi Nyamizi alikuwa msindikizaji. Kwa Wasonde mgeni anayeondoka haachwi aende peke yake kama mtu aliyefumaniwa. Anasindikizwa, walau mpaka njia panda. Na hakuna aliye mgeni kuliko maiti, maana njia yake hajawahi kuipita. Kwa hiyo kaburini, kabla ya udongo, msindikizaji huimba kisindikizo. Wimbo unamtoa marehemu mlangoni kwake, unampitisha kinuni, unampitisha migombani, unateremka naye mpaka mtoni na kumvusha. Ng'ambo ya mto unaanza kubisha hodi kwa waliotangulia, nyumba kwa nyumba, kila mmoja kwa jina lake, mpaka kwa mama mzazi wa marehemu. Hapo unamkabidhi.

Upande wa huku wa mto huimbwa kwa sauti na kila mtu anausikia. Wa ng'ambo sivyo. Ng'ambo msindikizaji huinama juu ya kaburi, sauti ikazama kifuani, na waliosimama hawasikii kitu ila mvumo. Anayesikia maneno ni mmoja tu, yule anayejifunza, aliyemshika msindikizaji kiuno na kumlazia sikio mgongoni. Ndivyo wimbo ulivyotoka mgongo hadi sikio tangu Wasonde walipokuwa Wasonde. Haufundishwi nyumbani na wala hauimbwi kwa mtu anayepumua, kwa sababu iliyo wazi hata kwa mtoto: kumsindikiza mgeni ambaye hajaaga ni kumfukuza.

Siku hizi aliyemshika Bi Nyamizi kiuno alikuwa Semeni, binti wa marehemu mdogo wake wa kike, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza kidogo na kichwa chepesi. Upande wa huku alikwisha kuushika wote bila kukosea. Msiba ujao angelaza sikio. Lakini Wasonde ni watu wagumu wa kufa, hewa ya mlimani inawaharibu, na misiba ilikuwa haba. Bi Nyamizi kifua kilimkoroma, na miguu ilikwisha kuanza kumsaliti. Hofu yake ilikuwa moja tu: asije akatangulia yeye kabla Semeni hajavuka mto.

Siku moja magari ya Wizara yakapanda mlima. Wasonde wakapiga makofi, magari yakasimama, akashuka Mheshimiwa Sifaeli Mdundo, Mhifadhi Mkuu wa Mila Zisizoshikika. Bi Nyamizi alimtambua kwa masikio yake, maana kwingine kote alikuwa amenenepa. Zama za Futa Uzamani kijana huyo ndiye aliyemtoa makaburini na kumlaza mahabusu kwa kosa la kumlilia marehemu saa za kazi.

"Shikamoo, mama," alisema Mheshimiwa, akainama mpaka tai ikagusa vumbi.

"Marahaba. Safari hii nimekosa nini?"

"Mama, safari hii umepatia. Wewe ni hazina." Akageukia watu na sauti ikapanda yenyewe, kama inavyowapanda viongozi wakiona zaidi ya watu kumi. "Ndugu wananchi, mila ni mizizi. Mti bila mizizi ni nguzo. Na nguzo, ndugu zangu, ni za umeme, ambao nao unakuja." Watu wakapiga makofi. "Serikali yenu sikivu imeleta mashine inayonasa sauti na kuitunza milele. Mama ataimba leo, na kisindikizo hakitakufa kamwe."

Wakamwekea kiti, wakamwekea kipaza sauti mbele ya mdomo. Bi Nyamizi akakitazama kidude kile, akauliza nani amekufa.

"Hakuna, mama, tunashukuru Mungu."

"Basi hakuna wimbo."

Akaeleza, na Mheshimiwa akasikiliza kwa heshima kubwa, akitikisa kichwa kila palipostahili. Alisema Wizara haiwezi kuvunja mila ambayo imekuja kuihifadhi. Kama mila inataka maiti, maiti itapatikana kwa taratibu za serikali. Wiki ileile pikipiki ilileta kutoka makao makuu cheti cha kifo cha karani mmoja mpole aitwaye Zabloni, kimepigwa mihuri yote. Zabloni akalazwa kwenye mkeka uwanjani, akafumba macho.

Bi Nyamizi akainama kumwangalia. "Huyu anapepesa kope."

"Anapepesa kwa hiari yake binafsi, mama. Kisheria hayupo."

Bi Nyamizi akasema mtu wa kisheria asindikizwe na sheria, akajiendea shambani. Zabloni akaamka, akajikung'uta vumbi, na tangu siku hiyo anadai mshahara wake, na kila anakokwenda anapewa pole.

Mheshimiwa akaamua kusubiri. Mahema yakasimikwa, jenereta likanguruma, na posho za kulala nje ya kituo zikaanza kutembea. Kila asubuhi Mhifadhi Mkuu alizungukia nyumba za wazee. "Mzee, unajisikiaje?" Mzee anasema hajambo. "Haya, tutafanyaje," anasema Mheshimiwa, na kwenda nyumba ya pili. Wasonde ni watu wa adabu, na mgeni akikaa muda mrefu bila kupata alichokijia, mwenyeji huona haya. Bibi kizee mmoja, Bi Mkami, jirani wa Bi Nyamizi, alifikia hatua ya kumwomba radhi kwamba anajitahidi lakini usingizi na chakula bado vinamwendea vizuri.

Kisha akaugua Mzee Lugendo.

Alikuwa na ngiri ya siku nyingi, iliyotoka na kurudi ndani kama paka wa nyumbani. Safari hii ilitoka ikagoma kurudi. Tumbo likajaa likawa gumu, akaanza kutapika, na mtu ambaye alizoea kutania kila kitu akawa anauma shuka. Bi Nyamizi alikimbia zahanati. Zahanati ilikuwa safi, imepakwa rangi, na mlangoni pana kamba nyekundu. Wizara ilikuwa imeigeuza Makumbusho ya Tiba, ili vizazi vijavyo vijue kwamba Usonde iliwahi kuwa na zahanati. Muuguzi alikuwepo, ila sasa alikuwa mwongoza watalii.

"Ngiri iliyojifunga hiyo, mama," alisema muuguzi kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. "Anatakiwa apasuliwe leo. Leo, mama, siyo kesho. Mpelekeni hospitali ya mji, na magari ya kumfikisha ni yale ya Wizara tu, unayajua."

Bi Nyamizi alikwenda kwenye mahema akiwa peku, khanga imemdondoka bega. Mheshimiwa Sifaeli alikuwa amekwisha kusikia. Alimpokea kwa mikono miwili, na uso wake ulijaa huruma ya kweli, maana si mtu mbaya, anapenda kazi yake. Mafundi walikuwa wanazungusha nyaya tayari.

"Pole sana, mama yangu. Tuko pamoja nawe. Tunakuja kutundika vipaza sauti pale juu ya kitanda, kwa staha, hutaviona."

"Mheshimiwa, naomba gari. Mume wangu anakufa."

"Ndiyo, mama, tunajua."

"Akifika hospitali atapona."

Mheshimiwa akaketi, akamketisha na yeye, akamshika mkono. Alimweleza polepole kwamba gari lile ni gari la mila. Fungu la fedha za wagonjwa liko wizara nyingine, yenye mheshimiwa mwingine, na kuchanganya mafungu ni kosa la kumfunga mtu. Akaongeza kwamba, ukitazama kwa undani, kumkimbiza mzee hospitali nako ni kuingilia utamaduni. "Wazee wetu walikuwa hawana gari, mama. Walikuwa wanakufa nyumbani, katikati ya watu wao, kwa heshima. Hebu tusiwe sisi wa kuharibu."

Bi Nyamizi akautazama uso ule mnene wenye huruma, akaona kwamba hapa hata akigaagaa chini atapewa mkeka wa kugaagalia. Machozi yakamkauka. Akasema neno ambalo hakuna msindikizaji aliyewahi kulisema.

"Nikiimba sasa hivi, huku yu hai, gari litatoka?"

Mheshimiwa akafikiri. Akasema kwamba wimbo ukishanaswa, shughuli itakuwa imekwisha na msafara utakuwa unarudi. Na msafara unaorudi unaweza kumbeba mtoa mila na mwenzi wake kama wageni rasmi. Kwa hilo fungu lipo. Akaapa kwa jina la mama yake, na kiapo hicho alikitimiza, tusimsingizie.

Chumbani, Semeni alikuwa anamfuta baba yake mkubwa jasho. Bi Nyamizi alipoeleza, Semeni aliweka kitambaa chini.

"Mama Mkubwa, unataka kumfukuza?"

"Nataka gari."

"Mimi sikushiki kiuno. Nisamehe. Akifa je? Nitasema nilisaidia kumsukuma."

"Semeni mwanangu, leo ndiyo ulaze sikio. Sina hakika kama nitaimba tena."

"Silazi," alisema Semeni. "Sijifunzi kwa mtu anayenitazama." Akatoka, akaenda kukaa mbali nyuma ya jiko, amejiziba masikio kwa viganja.

Mzee Lugendo alifungua macho. Mkewe akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza tena yote, hakumficha. Mzee akasubiri uchungu mmoja upite.

"Kwa hiyo unanisindikiza, bibi wee, na chai sijanywa."

"Nakutafutia usafiri, mzee wangu."

"Lakini mgeni hasindikizwi kabla hajaaga."

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba."

Waliishi pamoja tangu yeye Nyamizi hajaota jino la mwisho, na hakuna jambo ambalo mmoja alihitaji kumweleza mwenzake mara mbili. Mzee Lugendo akanyanyua mkono kidogo, kama mtu aliye mlangoni na kofia yake. "Haya jamani," alisema, "mimi naona niende. Tumekula, tumeshiba, kwaherini." Kisha akacheka, na kicheko kikamuumiza, akauma shuka.

Bi Nyamizi akaimba. Alimtoa mlangoni, akampitisha kinuni na migombani, akateremka naye. Mtoni alimvusha huku amemkodolea macho, na yeye anamtazama, na kila alipovuta pumzi mwimbaji alikuwa anaomba wimbo usisikike huko unakokwenda. Ng'ambo aliinama, sauti ikazama, akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Mashine ilisikia kila kitu, maana ilitengenezwa na watu wasiojua kuziba masikio. Alipofika kwa mama mzazi wa Lugendo, akasema, "Mama, mwanao huyu, amechoka, mpokee." Mafundi wakapiga makofi. Mheshimiwa Sifaeli alikuwa analia waziwazi, akasema hajawahi kusikia kitu kama kile, na aibu ilioje kwamba miaka yote kilikuwa kinapotelea makaburini.

Kilichosahaulika ni kwamba mashine ilikuwa na spika nje, na spika zilikuwa wazi. Kijiji kizima kilisikia kisindikizo cha Mzee Lugendo. Mtu akisikia kisindikizo hana la kuuliza. Wanawake wakajifunga khanga kiunoni na kuanza kuomboleza, wanaume wakachukua majembe na kwenda makaburini, na wakati gari linateremka kijijini na marehemu ameketishwa kiti cha nyuma, anapepewa, kaburi lilikuwa limefika magotini. Mmoja wa wachimbaji, mtu mzima, alimpungia mkono, kisha akakumbuka, akaushusha.

Barabara ya kutoka Usonde ni mbaya, lakini haikuwa barabara iliyowachelewesha. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kupiga simu makao makuu kwamba hazina inashuka, na makao makuu yakatangaza redioni. Kila kata ilikuwa imejipanga. Shule zilifungwa, wanafunzi wakasimama kando ya njia na matawi, na walipoona vumbi wakaanza kupiga makofi. Msafara ukasimama. Mheshimiwa akashuka, akashukuru, akaeleza nini maana ya mizizi. Kata ya pili wakapiga makofi. Msafara ukasimama.

"Dereva, baba, twende," alisema Bi Nyamizi. Kichwa cha mumewe kilikuwa mapajani kwake, na midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, natamani. Lakini wanapiga makofi."

"Uwapite tu. Nakuomba kwa jina la aliyekuzaa."

"Sheria, mama," alisema dereva. Hata hivyo akajaribu kuwasha gari. Askari wa pikipiki akaja dirishani, akamwonesha ishara ya kuzima.

Bi Nyamizi akafungua mlango, akatoka kwenda kuwaomba wale watu wenyewe. Aliwaambia jamani acheni, nina mgonjwa, acheni makofi tupite. Watu wa kata ile walipoona mtoa mila mwenyewe ameshuka, na anaongea nao kwa mikono yote miwili, walifurahi mno, wakapiga kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyesikia neno. Alirudi ndani ya gari, akafunga mlango, akamkumbatia mumewe, akamziba masikio yote mawili.

Katika kata moja, jina lake sikulishika, Mzee Lugendo aliuliza, "Wanampigia nani hao?"

"Wanakupigia wewe, mzee wangu."

"Nimefanya nini?"

Alikufa hapo, wakati Mheshimiwa amefika kwenye sehemu ya hotuba yake inayosema kwamba urithi huu hautakufa milele. Hospitali ilikuwa inaonekana, bati lake jekundu, upande wa pili wa bonde.

Gari la kumrudisha Usonde lilitolewa papo hapo bila swali. Maiti ni suala la mila, na fungu lake lipo.

Kaburi walilikuta limekamilika. Kulifukia tupu ni mkosi, na kuliacha wazi ni mkosi, kwa hiyo wachimbaji walikuwa wamekaa kandokando yake, wakisubiri kuambiwa la kufanya. Walipoona mwili unashushwa, wengine walipumua, kisha wakaona aibu ya kupumua. Lakini baada ya mwili kulazwa kaburini, palizuka shida ambayo Usonde haikuwahi kuiona. Marehemu amekwisha kusindikizwa. Je, alifika?

Wazee walijadiliana pale pale, majembe mkononi. Wengine walisema alifika, uliochelewa ni mwili wake tu. Lakini mkubwa wao, Mzee Chilongola, alisema hapana. Alisema mama yake Lugendo aligongewa, akaamka, akafungua mlango, hakuona mtu, kwa sababu mwanawe alikuwa bado anatapika huku kitandani. Akafunga. Sasa mwanawe anakuja kweli na mlango umefungwa. Lazima agongewe tena.

"Basi mkewe amgongee," alisema mmoja.

"Mkono uliogonga bure haugongi tena," alisema Mzee Chilongola. "Akiimba yeye, huko ndani watasema ni yule yule wa utani." Na hakuna aliyembishia, maana ndivyo ilivyo.

Wote wakamtazama Semeni.

Semeni akasogea. Hakuwa na wa kumshika kiuno, akajishika mwenyewe. Akaimba, na lazima niseme aliimba vizuri, sauti yake ile ya kukwaruza iliwatoa machozi hata waliokuja kwa ajili ya pilau. Alimtoa baba yake mkubwa mlangoni, akampitisha kinuni, akampitisha migombani alikokuwa anajificha kuvuta tumbaku, akateremka naye. "Umefika mtoni, kanyaga jiwe, usiogope maji. Umevuka." Akanyamaza.

Akarudia. "Kanyaga jiwe, usiogope maji. Umevuka." Akamtazama mama yake mkubwa. Bi Nyamizi alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi. Neno linalofuata lilikuwa limemjaa kooni, lile lile alilowaimbia watu wa mashine asubuhi ya jana, alilijua kama anavyojua jina lake. Angeweza kulinong'ona. Na akilinong'ona, mkono uliogonga bure utakuwa umegonga tena, na mume wake atabaki mlangoni kwa mama yake kama mwizi. Akaingiza pindo la khanga kinywani, akauma.

"Umevuka," aliimba Semeni. "Umevuka. Umevuka." Akaendelea hivyo mpaka sauti ikaisha kabisa, na midomo ikawa inatikisika tu. Mwishowe Mzee Chilongola akatupa udongo, na wengine wakatupa.

Msidhani serikali haikujali. Katika Siku ya Mila, kisindikizo kilisikika chote, cha huku na cha ng'ambo, kwenye ukumbi mkubwa wa mji mkuu, kabla ya chakula. Mlezi Mkuu alikuwepo, na wageni wake wa ng'ambo, na kila mtu alisimama kupiga makofi. Mheshimiwa Sifaeli alivishwa nishani. Semeni aliuza mbuzi wake akasafiri hadi huko, akaomba asikilizishwe ile sehemu ya baada ya mto, mara moja tu. Walimpokea vizuri. Walimwonesha chumba chenyewe kwa kupitia kioo, baridi kali ndani, na wakamweleza kwamba sauti ikisikilizwasikilizwa huchakaa, na kazi ya Wizara ni kuhifadhi. Akarudi Usonde na kalenda.

Sasa hivi wanaishi nyumba moja, yeye na mama yake mkubwa. Kifua cha Bi Nyamizi kimezidi. Kwa mtu mwingine mkono wake bado unaweza kugonga. Ni mlango ule mmoja tu uliofungwa. Semeni akilaza sikio msiba mmoja, hata mmoja, wimbo utavuka, na yeye, mwenye mkono usiogonga bure, atarudi kaburini kwa Lugendo amgongee. Kilichobaki ni msiba. Wanakijua wote wawili na hawakitaji.

Juzi asubuhi walikuwa wanapeta mtama uani wakasikia Bi Mkami, yule jirani, anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kilitoka chini, kikarudia, kikakawia. Semeni aliacha kupeta. Bi Nyamizi naye aliacha, na kabla hajapata muda wa kujizuia alihisi moyo wake unaruka kwa furaha.

Akaweka ungo chini. Akapika uji, akautia pilipili manga na tangawizi kama Bi Mkami anavyoupenda, akaubeba mwenyewe na miguu yake ile mibovu mpaka nyumba ya pili. Njia nzima alikuwa anamwombea jirani yake, midomo inakwenda, na hakujua anamwombea nini.